Chungwa halilii, mgonjwa analia



Leo siandiki juu ya barabara wala juu ya manganezi. Naandika juu ya mkono wangu wa kushoto.

Miaka michache iliyopita malaria iliniangusha nikiwa safarini, nikalazwa katika hospitali moja mbali na hapa kwetu. Asubuhi akaingia kijana wa blusi nyeupe, mwanafunzi wa staji. Hakunisalimia. Alikamata mkono, akafunga mpira, akaanza kutafuta mshipa wa kutilia serumu. Sindano ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Ya tatu, damu ikamwagika kwenye shuka. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, na mwalimu wake hakuwepo. Ya nne ikaingia, akaondoka bila neno. Mkono ulivimba siku tano. Nikasema moyoni: hawa wanajifunzia juu yetu kwa sababu sisi ni maskini.

Likizo iliyopita binti ya kaka yangu mkubwa alikuja kutusalimia. Anasoma udaktari Lubumbashi. Jioni moja nikamkuta nyuma ya nyumba na bakuli la machungwa, anayachoma sindano ya maji moja moja. Akanieleza kwamba chungwa linafundisha sindano ya nyama tu, maana halina mshipa. Kisha akasema, "Baba mudogo, nipe mkono wako."

Nikakataa, nikamsimulia habari ya ile hospitali. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, Baba mudogo. Lakini kila mtu akikataa, nitajifunzia kwa nani? Na siku utakapougua, utataka munganga asiyewahi kushika mkono wa mtu?"

Sikuwa na jibu. Nikakumbuka wazee wetu wasaidizi wa udaktari wa wakati wa Wabelgiji. Walitibu watu miaka na miaka, lakini diploma ya udaktari hawakuwa nayo. Baada ya uhuru wa 1960, Shirika la Afya Ulimwenguni likasaidia makumi yao kwenda Ufaransa kumalizia masomo. Wao walikuwa na mikono iliyozoea kazi, wakakosa karatasi. Watoto wetu leo wanaweza kupata karatasi kabla mikono haijazoea. Hilo linaniogopesha zaidi.

Ni kweli, mengine yanaweza kuanzia kwa kitu kisichosikia maumivu. Tangu 2010 kuna mafunzo, yaliyofika hata Tanzania, ambamo wakunga wanatumia mdoli kujizoeza kumpa pumzi mtoto asiyelia, kabla dakika ya kwanza haijaisha. Hakuna mama atakayekubali mtu ajifunze jambo hilo mara ya kwanza kwa mtoto wake. Lakini baada ya mdoli, siku inafika ya kugusa mtu.

Wiki ile nilikuwa napaswa kutolewa damu ya kupimwa kwenye kituo cha afya. Nikamwambia binti yetu twende. Muuguzi mkubwa alikubali. Binti akakaa mbele yangu kana kwamba hatujuani, akasema yeye ni mwanafunzi, akaeleza atakachofanya, akauliza, "Unanikubali?" Muuguzi akasimama begani kwake.

Mara ya kwanza akakosa. Alichomoa sindano, akabana pamba, akasema, "Nimekosa, pole." Muuguzi akashika kidole chake, akakiweka juu ya mshipa. "Usiutafute kwa macho tu. Usikie kwanza kwa kidole." Mara ya pili damu ikaja.

Nilichomwa mara mbili, na iliuma. Lakini nilirudi nyumbani bila hasira. Nilikuwa nimeulizwa, na mwalimu alikuwepo.

Kwa hiyo, walimu wa waganga, msiwaache vijana peke yao na mikono yetu. Ninyi vijana, kuuliza si ujinga. Salimieni, semeni ninyi ni nani, na mkikosa semeni mmekosa. Nasi wagonjwa, wakituuliza, tukubali tukiweza. Wasipouliza, tuwaulize sisi: wewe ni nani, na mwalimu wako yuko wapi?

Binti amerudi Lubumbashi. Yale machungwa watoto waliyala yote, wakalalamika kwamba mwaka huu yana maji mengi.