Kimo Peke Yake Hakitoshi Kuchagua Baiskeli

Mtu akitaka suruali humwendea fundi cherehani, akapimwa kiuno na mguu kabla kitambaa hakijakatwa. Lakini mtu huyo huyo akitaka baiskeli ya mbio, ambayo bei yake yapita suruali kumi, hutazama rangi, huipanda mara moja mbele ya duka, kisha hulipa. Muuzaji naye humwuliza kimo chake tu. Miezi michache ikipita magoti yauma, mgongo wauma, na lawama zote huangukia ubovu wa barabara.

Wako wanaotaja namba 28 wakidhani wametaja fremu. Hiyo ni inchi za gurudumu! Fremu ina kipimo chake, nacho hufuata mwili wa mpandaji.

Anayetaka kujua kipimo chake avue viatu, asimame wima na mgongo wake ukutani, kisha abane kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, akivute juu kwa nguvu kama kwamba amekalia kiti. Mwenzake apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Kupima mshono wa suruali si kupima mguu, maana hesabu hutoka fupi.

Mmarekani Greg LeMond, aliyeshinda mashindano ya Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, alieneza hesabu mbili. Urefu wa mguu ukizidishwa kwa 0.65 hutoa kipimo cha fremu, kutoka ekseli iliyo kati ya pedali mbili hadi bomba la juu. Ukizidishwa kwa 0.883 hutoa kimo cha kiti kutoka ekseli hiyo hiyo. Basi watu wawili wenye kimo cha sentimeta 175, mmoja mwenye mguu wa sentimeta 78 na wa pili 84, watapata fremu mbili mbalimbali: karibu 51 na karibu 55.

Hata hivyo hesabu hii yataka busara. Yule mwenye miguu mirefu ana kiwiliwili kifupi, na fremu ya 55 kwa kawaida ni ndefu pia kuelekea mbele. Ataufikia usukani kwa kujinyoosha, shingo ikakaza na viganja vikafa ganzi. Afadhali achukue ya 53 au 54 na kupandisha kiti. Kiti hupandishwa kwa spana moja tu, lakini bomba la juu halifupishwi na fundi yeyote. Mwenye miguu mifupi na kiwiliwili kirefu naye ahakikishe kwamba anaweza kusimama juu ya bomba, nyayo zikiwa chini kabisa, na nafasi ya vidole viwili ikibaki.

Tena, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 viwanda vingi vimeliinamisha bomba la juu, hata namba iliyoandikwa kwenye fremu haiaminiki kama zamani. Mnunuzi wa baiskeli ya mtumba apime mwenyewe umbali wa kutoka kiti hadi usukani.

Baada ya kununua, goti ndilo shahidi. Likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma nyuma, au nyonga zikiyumba huku na huku, kiko juu mno, na yafaa kishushwe nusu sentimeta kwa siku, si zaidi.