Uulize Mto Kabla ya Kushusha Mtumbwi

Watu wengi hudhani ya kuwa hatari ya mto ni mamba na kiboko tu. Sikatai, wanyama hao ni wakali. Lakini kwa mtu anayekusudia kusafiri kwa mtumbwi siku kadha wa kadha katika nchi yenye vijiji vichache, jambo la kwanza la kujua ni kimo cha maji. Napenda kuwaeleza wasomaji habari hiyo kwa mfano wa Mto Tana, kwa sababu ndio niliousafiri.

Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya, yapata kilometa 1,000. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, hupita katika mabwawa matano ya umeme, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha huteremka katika nchi kavu ya Garissa, Hola na Garsen mpaka baharini. Huku chini mvua ni haba. Basi mtu akisimama Hola akaona mbingu haina wingu, asidhani ya kuwa mbingu hiyo imemwambia neno lo lote juu ya mto. Maji atakayoyapanda yalinyesha siku nyingi kabla, juu ya mashamba ya chai na kahawa yaliyo mbali naye.

Tena bwawa la Masinga, lililomalizika mwaka 1981, likijaa hufurika, na mabwawa yaliyo chini yake hufurika moja baada ya jingine. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2018, na tena mwaka 2024, hata watu wa kando ya mto wakaonywa wahamie mahali pa juu. Kwa hiyo msafiri na asikilize redio, aulize habari za mabwawa, wala asiridhike na habari za wiki iliyopita.

Penye kituo cha kupimia maji utaona ubao umesimamishwa majini, una alama za mita. Hapo yafaa kufahamu mambo mawili. Kwanza, kimo si kina. Sifuri ya ubao si lazima iwe chini kabisa ya mto, na mchanga wa Tana huhama. Penye kina mwaka jana pengine leo ni fungu la mchanga. Pili, hesabu ya siku moja haitoshi. Uliza ya leo, ya jana na ya juzi. Maji yale yale ya mita mbili yakiwa yanapungua ni habari moja, na yakiwa yanapanda ni habari nyingine kabisa.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Mei, sisi watu watatu tulikusudia kushuka kutoka Hola mpaka Garsen, tupite misitu ile wanamoishi aina mbili za kima wasiopatikana po pote pengine duniani. Mtumbwi ulikuwa umekwisha lipiwa, na likizo ya karani haingoji. Mzee Mpokomo aliyekuwa atupeleke alichomeka kijiti ukingoni jioni, pale pale maji yalipokoma. Asubuhi kijiti kilikuwa ndani ya maji, na mtoni yalipita mapovu, matawi mabichi na gogo zima lenye mizizi.

Mwenzetu mmoja akamwambia, "Mzee, mbingu ni nyeupe. Kwa nini tusiende?"

Mzee akajibu, "Mwanangu, maji haya hayakutoka mbingu hii."

Mwenzetu alikasirika sana, maana alikuwa na shughuli ya ukoo Garsen, na kukawia kwake kungeonekana dharau. Tukashauriana, tukabaki. Siku ya pili fungu la mchanga ambalo tulikuwa tumepanga kulala usiku wa kwanza halikuonekana tena. Maji yalikuwa yamelifunika lote. Mwenzetu alitazama kwa muda mrefu, asiseme neno, kisha akaenda kutafuta gari. Sisi wawili tulingoja mpaka kijiti kikakaa pakavu asubuhi mbili mfululizo, na alama ya unyevu ikaonekana juu ya ukingo. Ndipo mzee akashika pondo lake.

Wala msidhani ya kuwa maji machache ni salama daima. Mto ukipungua sana, mtumbwi hukwama mchangani, na viboko hukusanyika katika madimbwi yenye kina, hapo hapo unapotaka kupita. Ukijaa sana, kingo huanguka ghafula, na mkondo hukusukuma kwenye matawi ya miti iliyozama. Maji mema ni yale ya katikati, yanayoshuka polepole.

Basi ndugu msomaji, ukitaka kusafiri mtoni, uliza habari za mvua kule juu, si hapo ulipo. Pata hesabu ya siku tatu. Chomeka kijiti kila jioni, na ulale mahali pa juu hata kama mchanga ni laini. Mwisho, mwulize mwenyeji anayeishi ukingoni, ukubali jibu lake hata likiwa chungu. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Siku tatu za kungoja hulipika. Mtu akichukuliwa na maji hana malipo.