Jina la Mnyama Mgeni

Nilipokuwa mwanafunzi hapa Nchiru, nyanya yangu alikwenda Isiolo kwa mara ya kwanza, akarudi na habari za mnyama aliyemwita "ng'ombe wa kilima". Nikaangua kicheko mbele ya wageni, nikasema, "Nyanya, huyo ni ngamia!" Mimi nilimjua ngamia kwa picha ya kitabuni tu. Nyanya akanyamaza; na tangu siku ile hakunisimulia tena habari za safari zake.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za twiga wa Malindi. Mwaka 1415 wajumbe wa mji huo walimpeleka twiga kwa Yongle, mfalme wa Uchina. Mwaka uliotangulia, twiga mwingine alikuwa amepelekwa huko kutoka Bengal. Mnyama huyo alikuwa mgeni kwa Wachina. Wakamwita qilin, yaani mnyama wa hadithi zao za kale, asemwaye kuwa na mwili wa kulungu na mkia wa ng'ombe, na mpole hata hakanyagi nyasi zilizo hai. Waliamini kwamba huonekana tu zama za mfalme mwema.

Jina hilo huandikwa kwa alama mbili, 麒麟, ambazo ni nadra kuonekana katika maandishi ya kila siku. Kila alama ina sehemu mbili. Ile ya kushoto ni alama ya kulungu, ambayo hapo kale ilikuwa picha ya mnyama mwenye pembe na miguu. Hiyo huonyesha maana. Ile ya kulia huonyesha sauti. Basi hata mnyama wa hadithi aliandikwa kwa kuanzia na kulungu, ambaye watu walimjua. Siku hizi Wachina humwita twiga "kulungu mwenye shingo ndefu", bali Wajapani wangali wakimwita kirin, ambalo ni jina lile lile kwa matamshi yao.

Niliposoma hayo nilimkumbuka nyanya. Wataalamu wa mfalme walimwona mnyama mgeni, wakamtafutia mahali katika maneno waliyokuwa nayo. Nyanya naye alifanya vivyo hivyo. Twiga wao alichorwa na kutungiwa mashairi. Ngamia wa nyanya alipata kicheko changu.

Nyanya alikuwa amekwisha kufariki. Mimi nilikuwa na jina lililo sahihi, lakini yeye ndiye aliyemwona mnyama.