Mama Naye Apumzike

Ninyi akina mama wa Tlawi na vijiji vya jirani, leo nataka tusemezane juu ya neno ambalo wengi wetu huona haya kulitaja, yaani mapumziko. Mwanamke akionekana ameketi mchana, mikono imetulia, hakosi mtu wa kumwuliza kama anaumwa. Akijibu kwamba haumwi, basi ni mvivu. Jibu la tatu halipo.

Tazameni siku yake ilivyo. Huamka kungali giza, na katika miezi ya Juni na Julai baridi ya Mbulu huuma kweli kweli. Atakoka moto, atakamua, atazoa samadi na kuipeleka shambani, maana mashamba yetu ya milimani hayapendi kutoa kitu bila samadi; watoto waende shule wameshiba; kisha maji, kuni, palizi ya mahindi na maharage, kwenda mashineni kusaga, chakula cha jioni. Mume arudipo hukuta moto unawaka, naye huliona jambo hilo ni la kawaida kama jua kuchwa. Wako akina mama ambao benchi la zahanati, wakingoja mtoto apimwe uzito, ndipo mahali pekee wanapoketi saa nzima bila kuitwa. Nimewasikia wenyewe wakisema kwamba siku ya kliniki huipenda. Neno hilo lanihuzunisha.

Habari za Martha na Maria sitazieleza, maana zimehubiriwa mno hata Martha mwenyewe angechoka kuzisikia. Ila someni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 19. Nabii Eliya amekimbilia jangwani, ameketi chini ya mti, aomba afe. Je, Mungu alimkemea? Hasha. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Ndipo akapata nguvu za kwenda hata mlima wa Horebu. Usingizi na chakula vilitangulia, mazungumzo yakafuata nyuma.

Tena iko amri ya siku ya mapumziko. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 5, hata ng'ombe na punda wametajwa. Na kweli, Jumapili hapa kwetu punda wengi hawafungwi mzigo; lakini dumu la maji lililokuwa juu ya punda siku ya Jumamosi, Jumapili liko kichwani pa mama! Mzee mmoja mcheshi alinibishia kwamba katika orodha ile yumo mwana, binti, mtumwa, mjakazi, mnyama na mgeni, ila mke hakutajwa. Nilimjibu kwamba mume na mke ni mwili mmoja, basi aliyeambiwa “wewe” ameambiwa pamoja na mkewe. Au alitaka mke apangwe nyuma ya punda? Alicheka, akabadili mazungumzo.

Serikali nayo imelitambua jambo hili, ila kwa walioajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka na saa 24 za kupumzika kila juma. Na mama aliyejifungua hupewa siku 84 zenye malipo, au 100 akizaa pacha. Ni haki kabisa, na mwalimu wa kike aipate. Lakini jirani yake aliyezaa juma lile lile, naye ni mkulima, nani amwandikie likizo? Mwajiri wake ni nani, kama si mume, mama mkwe, mawifi na sisi majirani?

Wazee wetu hawakungoja sheria. Uchagani mzazi alikaa ndani yapata miezi mitatu akilishwa mtori na kunoneshwa. Huko pwani hukaa siku 40, akikandwa kwa maji ya moto. Sisi tunazo Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizitilia mkazo katika mkutano wao wa mwaka 1976. Lakini mama akijifungua twafanyaje? Twaenda wote siku moja, kanga na sabuni mkononi, twala chakula chake, twaondoka. Heri nyumba 10 zigawane siku 10: leo huyu alete maji, kesho yule alete kuni, na mzazi alale.

Kwa siku za kawaida, sisemi habari za saluni wala mafuta ya bei kubwa. Vyombo vya mchana vikiisha kuoshwa, keti nusu saa. Tia maji ya moto katika beseni, na chumvi kidogo, uloweke miguu yenye nyufa. Kisha uifute na kuipaka mafuta. Au sukaneni nywele wewe na jirani. Au ukitoka Misa tembea polepole hata ukingoni mwa ziwa, bila ndoo. Nasema bila ndoo, kwa maana ukiwa na ndoo utachota tu. Mtoto akilia, yuko dada yake. Na kaka yake pia yupo, naye ana mikono miwili.

Lakini kama uchovu hauondoki hata baada ya kulala, nawe waona kizunguzungu, na viganja na ndani ya macho vimekuwa vyeupe, usikubali kuambiwa ni uvivu, wala usiende kwa mganga wa kupiga ramli. Yaweza kuwa ni upungufu wa damu. Nenda zahanati upimwe, hasa ukiwa mja mzito.

Na ninyi akina baba mnaosoma gazeti hili jioni wakati wenzenu wakipika: Jumapili hii punda mwacheni apumzike. Dumu lipo pale karibu na mlango.