Wimbo Nilioutamani Uvira

Ndugu msomaji, wewe unayependa kuimba, je, haijakupata siku moja kusikia wimbo wa mtu mwingine na kusema moyoni: "Huu, heri ningeutunga mimi"? Si kosa. Lakini tamaa hii ina mlango wake wa nyuma, na mimi niliupitia. Twende pamoja, nikuonyeshe.

Mwaka 2012 nilitoka Likasi kwa treni kwenda kwenye kilio cha mjomba, Uvira. Kwetu Likasi wimbo wa kutamani unajulikana: "Masanga" wa Mwenda Jean Bosco. Hugh Tracey aliurekodi hapa hapa mwaka 1952, mji ukiitwa bado Jadotville. Gita moja, kidole gumba na kidole cha kuonyesha basi, na wewe utaapa kwamba ni watu watatu wanapiga. Nimejaribu tangu ujana. Gumba linakubali, kidole cha pili kinakataa.

Tukapita Tenke, Bukama, tukafika Kamina usiku. Ni hapo padri Mbelgiji, Guido Haazen, alikusanya watoto na walimu wao, na mwaka 1958 sahani ya Misa Luba ikarekodiwa. Wengi husema ni misa ya padri. Lakini waimbaji walikuwa wakizua sauti wakati wa kuimba, juu ya nyimbo za wazee wao. Ile Sanctus ilitoka katika wimbo wa kuagana. Nilitoa kichwa dirishani nikitega sikio kama mjinga. Nilisikia mama anayeuza karanga.

Kabalo, kisha Kalemie, kisha boti. Sitakuchosha na safari ya boti. Tumbo langu halikuipenda.

Lakini Uvira! Mji umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika, kama nguo iliyoanikwa kwenye kamba ndefu. Jua linatokea ng'ambo, upande wa Burundi, na mchana haujachoka bado milima inalimeza. Usiku wavuvi wanawasha taa kule majini kuita ndagaa, na nyuma yao unaona taa za Bujumbura, hata hujui mji unaishia wapi na mitumbwi inaanzia wapi.

Kule ng'ambo ndiko kwenye ngoma kubwa za Warundi. Mwaka 1967 Wafaransa walizirekodi. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa Ufaransa akazipachika piano na gita juu yake, akatoa sahani iitwayo "Burundi Black", nayo ikauzwa Ulaya. Vijana wa Uingereza nao wakauchukua mdundo ule kwa muziki wao mwaka 1980. Na wale wapigaji, nani anajua majina yao? Binamu yangu aliponieleza habari hii, tumekaa kando ya maji, nilikasirika sana. Kumbuka hasira hiyo.

Jumamosi alinipeleka Mulongwe kusikiliza mazoezi ya kwaya. Waliimba wimbo mmoja wa kungojea. Sauti za chini zilikuwa zinakwenda na kurudi kama makasia. Sauti za wamama zilikuja juu yake polepole, zikasimama mahali ambapo mimi nisingethubutu kuzisimamisha, halafu kimya, halafu makasia tena. Nywele zilinisimama. Nikauliza nani aliutunga.

"Njo ule mama pale."

Alikuwa mwuzaji wa samaki, hajui kusoma noti. "Mi naimbaka tu wakati nangojea mitumbwi irudi," akaniambia. Nikamwomba ruhusa niuchukue. "Ubebe tu, mwalimu. Lakini ukifika kule kwenu, useme umeutosha Uvira."

Niliubeba. Kwaya yetu iliujifunza kwa wiki mbili. Siku ya sikukuu mtangazaji akasema: "Wimbo huu umetungwa na mwalimu wetu mwenyewe!" Watu wakapiga makofi na vigelegele. Nilikuwa na nafasi ya kuinua mkono. Niliinamisha kichwa kidogo, kama mnyenyekevu. Kitabu cha kwaya kilipopigwa chapa, jina langu likawa chini ya wimbo. Miaka 8 nilikaa hivyo.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika. Watu makumi kadhaa walikufa Uvira, nyumba maelfu zilibomoka. Nilisikia redioni nikiwa mezani. Nilimpigia binamu, yeye alikuwa mzima. Nikamwuliza juu ya yule mama. "Mama gani?" akasema. "Jina lake nani?"

Msomaji, sikuwa nimemwuliza jina.

Makanisa yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya korona. Yalipofunguliwa tena mwaka ule, nilisimama mbele ya kwaya nikasema yote. Kijana mmoja wa besi alicheka, akifikiri ni mzaha. Mke wangu hakucheka. Kisha tulichukua vitabu, kimoja kimoja, tukafuta jina langu kwa kalamu na kuandika: "Mama mmoja wa Mulongwe, Uvira."

Kama una ndugu kule, umwulizie. Aliuza samaki karibu na mto, na katika mwaka 2012 alikuwa akiimba sauti ya pili.