Uteuzi wa Dira ya Mfukoni

Vyombo vidogo huteuliwa kwa haraka kuliko vikubwa, na pengine hii ndiyo sababu huwahadaa wenyewe mara nyingi zaidi. Mtu anayenunua ng'ombe humtazama meno na kwato. Mtu anayenunua jahazi hulizunguka siku tatu, na fundi yuko pembeni yake. Lakini mtu anayenunua dira ya mfukoni hutazama kioo kinavyong'aa, huuliza bei, akaitia mfukoni na kwenda zake. Walakini siku dira hiyo itakapohitajiwa, uhai wa mwenyewe utakuwa juu yake. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Miongoni mwa dira ndogo iko moja inayopendwa na watu watembeao kwa miguu. Ukubwa wake haupiti kisanduku cha kiberiti. Ina sindano ya sumaku na kipimajoto kidogo, pamoja na pete ya kuitundika mkobani. Bei yake ni ndogo na ahadi zake ni mbili: kumwambia mwenyewe aelekee wapi, na kumwambia joto limefikia kiasi gani. Ahadi za namna hii hazipimwi dukani. Hupimwa mahali pa safari, na Kilambo ni mahali pazuri sana pa kuzipimia.

Kilambo iko kusini ya mji wa Mtwara, penye kivuko cha mto Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji. Mbele kidogo, upande wa mashariki, mto hupanuka na kugawanyika katika mikoko kabla ya kuingia baharini, na maingilio hayo yamo katika hifadhi ya bahari iliyowekwa mwaka 2000 pamoja na Ghuba ya Mnazi. Njia za miguu hupita kwanza katika minazi na mikorosho, ambako aliyepotea hukosa kuuliza kwa uvivu wake tu. Kisha hushuka matopeni. Huko mikoko yote ina sura moja, upeo wa macho umefungwa, na maji ya bamvua hupanda mita 3 na zaidi. Njia iliyopitwa asubuhi kwa miguu mikavu haipo tena adhuhuri.

Tena hapa ni mpakani. Mwaka 1894 Wajerumani na Wareno walipatana kwamba mpaka wao, karibu na pwani, ufuate mstari wa digrii 10 na dakika 40 kusini ya Ikweta, na kwa mstari huo pembe ya nchi ya Kionga, kusini ya mto, ikawa ya Wajerumani. Wareno waliitwaa mwaka 1916 katika vita, wakathibitishiwa mwaka 1919, na mto ukawa mpaka mpaka baharini. Mstari ule hakuna mkulima aliyepata kuuona kwa macho. Ulikuwa katika vyombo na karatasi. Mto nao, ingawa waonekana, huhamisha mchanga na visiwa vyake. Oktoba 2020 wavamizi kutoka ng'ambo walikishambulia kijiji cha Kitaya kando ya mto huu. Kwa hiyo mtembezi anayepotea hapa hapotezi saa zake tu. Aweza kujikuta anaulizwa na askari maswali ambayo dira haiwezi kumjibia.

Wenyeji waliishi vizazi vingi pasipo chombo hiki, na lugha yao yashuhudia walivyoweza. Kaskazini ni upande utokako upepo wa kaskazi, na kusini ni upande wa kusi. Mashariki ni macheo na magharibi ni machweo. Mabaharia waliijua kusini kwa nyota ya suheli, na kibla cha watu wa mwambao huu, kwa kuwa Makka iko karibu sawasawa na kaskazini yao, kilikuwa dira mara tano kila siku.

Lakini mgeni mwenye elimu ya vitabu asidhani kuwa amekwisha kuirithi elimu hiyo kwa kuisoma. Atakumbuka kuwa jua la adhuhuri huonyesha upande, naye atakosea mara nyingi: tangu mwisho wa Oktoba mpaka karibu mwisho wa Februari jua la adhuhuri huko Kilambo hupita kusini, na miezi mingine hupita kaskazini. Katika siku za kugeuka kwake kivuli humwangukia mtu miguuni, wala hakimwambii neno. Atatafuta nyota ya ncha ya kaskazini asiione, maana huko iko chini ya upeo wa macho usiku kucha. Mtu huyu yampasa achukue dira.

Basi na aichague kwa akili. Sumaku ya dunia haiivuti sindano kwa usawa wa ardhi peke yake. Huivuta kwa mshazari pia. Ulaya ya kaskazini ncha ya kaskazini huinama, na mafundi wa huko huongeza uzito kidogo upande wa kusini ili sindano ilale sawa. Mstari ambao sindano hailemei upande wowote hupita Ethiopia, mbali sana na Ruvuma. Kusini ya mstari huo ni ncha ya kusini inayoinama. Ikiletwa Kilambo dira iliyosawazishwa kwa nchi za Ulaya, uzito wa fundi na mvuto wa ardhi huungana upande mmoja. Sindano hulalia sakafu ya kisanduku, husita, na pengine hukwama ikionyesha uongo kwa utulivu mkubwa. Chombo hakikuharibika. Kilikuwa cha kweli kwao, nacho kimehama pasipo kurekebishwa. Ziko dira zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za kusini, na nyingine kwa pande zote za dunia. Mnunuzi aulize kabla ya kulipa, maana kuuliza si ujinga.

Majaribio yake ni mepesi. Dira iwekwe sawa kiganjani, mbali na simu, kisu na dira nyingine, kwa sababu sumaku zikikaa karibu huvutana, na trei ya dukani iliyojaa dira ni baraza la wapotoshaji. Izungushwe taratibu: sindano yapasa ielee, irudi mahali pale pale, isikwaruze. Kiputo kikubwa katika maji yake ni kasoro. Kosa la digrii chache lisimtishe mtembezi: digrii 5 humpotosha mita 87 hivi kwa kila kilomita, na mtu anayejua kuwa mto uko kusini na bahari mashariki aweza kuvumilia upungufu huo. Sindano inayokwama haina kiasi cha kuvumiliwa.

Kipimajoto ni ndugu mdogo wa safari, naye adumu katika cheo chake. Kikiwa mfukoni hupima joto la paja. Kikining'inia juani hupima jua. Kitundikwe kivulini dakika kadhaa, ndipo kisomwe. Baadhi ya vyombo hivi vina jedwali mgongoni la baridi iletwayo na upepo, hekima iliyotungwa kwa watu wa theluji. Kilambo adui ni joto lenye unyevu, ambalo hulizuia jasho kukauka, na unyevu huo kipimajoto hakiuoni. Nyuzi 31 pale humchosha mtu kuliko nyuzi 36 za bara kavu.

David Livingstone alikuwa na vyombo bora kuliko hivi. Vipimajoto vyake havikuwa vya kujua joto la hewa tu: maji huchemka kwa joto pungufu la uzi mmoja hivi kwa kila mita 300 za kupanda, na kwa hesabu hiyo wasafiri wa zamani walipima milima. Machi 1866 alifika mdomo wa Ruvuma pamoja na wanyama wake wa mizigo. Mikoko ikawakatalia njia, naye akaenda kushukia Mikindani. Mapema mwaka uliofuata saa zake za kupimia longitudo zilipata dhoruba kwa mwanguko wa mchukuzi, na hesabu zake zikapotoka.

Hakuna katika habari hiyo sababu ya kudharau vyombo. Iko sababu ya kujua mwisho wa kazi yao. Dira huijua kaskazini, lakini haina habari ya maji. Haijui kama leo ni bamvua au maji mafu, wala kama kivuko kimefungwa. Mambo hayo yako kwa mvuvi na kwa mzee wa kijiji, nao hawauzwi dukani. Mtembezi aliyechagua sindano iliyosawazishwa kwa nchi atakayoikanyaga, kisha akapiga hodi na kuuliza maji yatajaa saa ngapi, amefanya uteuzi uliokamilika.