Magole Bila Baraza: Filamu ya Thorold Dickinson

Wahakiki wa Uingereza humtaja Thorold Dickinson (1903–1984), mzaliwa wa Bristol, hasa kwa filamu mbili: Gaslight ya 1940 na The Queen of Spades ya 1949. Baadaye aliacha kuelekeza filamu, akafundisha London, na mwaka 1967 akawa profesa wa kwanza wa filamu nchini humo. Baina ya hizo mbili ipo ya tatu, ambayo mhakiki wa Afrika Mashariki hawezi kuipita hivi hivi: Men of Two Worlds (1946), iliyojengwa juu ya kisa cha Tanganyika.

Kisenga, mtunzi wa muziki aliyeishi London, anarudi kwao kumsaidia mkuu wa wilaya kuwahamisha watu kutoka eneo la mbung'o waenezao malale. Magole, mganga, anapinga. Ni haki Dickinson asifiwe: katika sinema ya Uingereza ya miaka ile, Mwafrika msomi, tena msanii, kuwa mhusika mkuu lilikuwa jambo la nadra. Robert Adams, mzaliwa wa Guyana, anamwigiza kwa heshima.

Je, Magole? Mtu aweza kukataa kuhamishwa kwa amri ya serikali kwa sababu nyingi: makaburi ya wazee, mashamba, au kutomwamini tu anayeamuru. Filamu inamwachia ushirikina na uchu wa madaraka, basi. Na kinaya ni kwamba Arthur Bliss, aliyeitungia filamu hiyo muziki, kipande chake kikuu alikiita Baraza. Barazani kila mwenye neno hulitoa. Magole hakupewa nafasi hiyo.

Pengo hilo huonekana wazi zaidi likitazamwa kutoka Bungoma na Kitale. Katika miaka ile ile ya utengenezaji wa filamu, Elijah Masinde wa Kimilili alikuwa akiwahimiza Wabukusu wakaidi amri za wakoloni. Sababu ilijulikana na kila kibarua wa mashamba ya walowezi kuzunguka Kitale: ardhi ile Wabukusu waliidai kuwa yao. Mwaka 1945 Masinde alipelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa hadi 1947. Mwaka 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi, Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, naye akahamishiwa Lamu.

Dickinson hakumlenga Masinde, wala wawili hao, mganga wa kubuni na nabii wa Kimilili, hawafanani kwa mengi. Linalosumbua ni kwamba Gaslight inahusu mume anayemsadikisha mkewe kwamba ana wazimu, ili siri yake isifichuke. Aliyeielekeza alijua barabara jinsi mwenye nguvu anavyompokonya mnyonge akili zake kwa kumpa jina la ugonjwa. Ujuzi huo haukuvuka bahari pamoja na kamera zake. Mke yule, angalau, alipata mpelelezi mstaafu wa kumsadiki. Masinde, hadi kifo chake mwaka 1987, alifungwa hata na serikali ya Kenya huru.